Shuka Lisilovuliwa Baharini

Paukwa!

Pakawa!

Palikuwa na kisiwa.

Kikawa!

Palikuwa na wanaume wavuvi.

Wakawa!

Na wako wapi leo?

Tuambie wewe!

Nitawaambia. Sogeeni, na huyo anayetafuna muhogo aumalize kabisa, maana hadithi yangu ya leo si ya kusikilizwa na mdomo uliojaa.

Hapo zamani za kale palikuwa na kisiwa kikiitwa Mwambakoo. Kilikuwa kidogo hivi kwamba ukipiga chafya kusini, watu wa kaskazini wanakuambia afya. Watu wake walikuwa wavuvi, baba na babu, na walikuwa na desturi yao ambayo hutaikuta kwingine.

Mwanaume wa Mwambakoo hakwenda baharini mpaka afungwe na mkewe. Mke alichukua shuka zito la marekani, kile kitambaa kigumu cha pamba, akamzungushia mumewe kiunoni, akakaza, akapiga fundo lisilofunguka ila kwa mkono uliolifunga. Asiye na mke alifungwa na mama yake. Akishafungwa, mvuvi haligusi fundo lile. Jua liwake, haligusi. Shuka lilowe, haligusi. Haja imbane, atajua mwenyewe, lakini haligusi.

Jioni wanawake walisimama ufukoni kuwapokea. Mvuvi akirudi na fundo lake, waliimba:

*Kaenda na fundo, karudi na fundo,*
*huyo ni wetu, huyo ni wetu.*

Akirudi bila fundo, wimbo ulikuwa mwingine:

*Kaenda na fundo, karudi hanalo,*
*nani kamfungua? Tuambieni, nani?*

Ukishaimbiwa huo wa pili, bwana, hama kisiwa. Watasema umefunguliwa na mwanamke wa kisiwa kingine, au umefunguliwa na jini wa baharini. Na kwa wanawake wa Mwambakoo, jini na mwanamke wa kisiwa kingine ni ukoo mmoja.

Basi katika kisiwa hicho alikuwapo mwanamke mmoja, jina lake Mize. Mumewe alikuwa Faki, mtu wa utani na moyo mweupe, na Mize alimpenda kupita kiasi. Mama yake Faki alikuwa Bi Kidawa, mjane, na yeye ndiye aliyekuwa mkaguzi wa mafundo. Kila alfajiri alisimama kwenye mchanga, kila mvuvi akapita mbele yake, akalivuta fundo kwa mkono wake. Likitikisika, mvuvi alirudishwa kwao akafungwe upya. Fundo la Mize halikutikisika hata mara moja, na wake wengi walimfuata awafundishe.

Siku moja mvuvi aitwaye Shaame alitia nanga. Kamba ya nanga ikanasa mkia wa shuka lake, nanga ikaenda, na Shaame akaenda nayo.

Watu wakakusanyika. Wakauliza, kwa nini bahari imemchukua Shaame?

Bi Kidawa akajibu, "Mkewe alimfunga mzunguko mmoja. Mapenzi ya mzunguko mmoja bahari huyadharau."

Watu wakasema, kweli. Tangu siku hiyo wanaume wakafungwa mizunguko miwili.

Hazikupita siku nyingi, wimbi likapindua mtumbwi wa Ussi, kaka yake Mize. Ndani walikuwamo watu watatu, Ussi na wageni wawili kutoka bara. Wageni walivaa vikaptura vyao tu, wakaparamia mgongo wa mtumbwi, wakashikilia mpaka wakaokolewa. Ussi, aliyeweza kukizunguka kisiwa kizima kwa kuogelea, akazama.

Watu wakakusanyika tena. Wakauliza, kwa nini bahari imemchukua Ussi na kuwaacha wageni?

"Wageni hawana wenyewe," akasema Bi Kidawa. "Bahari itawatakia nini? Lakini Ussi mkewe hakumkaza. Mizunguko miwili haitoshi. Tufunge mitatu, na mkiani tushone simbi, bahari ijue huyu ni mume wa mtu."

Watu wakasema, kweli. Wake wakakaa vibarazani wakishona simbi, yale makombe mazito ya baharini, wengine konzi nzima, wengine kikapu kizima, kila mmoja akimtazama jirani asimpite.

Mize alishona naye. Lakini alishona akilia, na si kwa kufiwa tu. Lile fundo la Ussi, mkewe hakulijua. Mize ndiye aliyemfundisha, kwa mkono wake, akimwambia kaza wifi, kaza tena.

Mpo?

Tupo!

Basi siku moja ya bamvua maji yalikupwa sana, mwamba ukatoka mgongo wote. Mize akachukua mchokoo wake, ule ufito wa kuchokolea pweza, akatoka na wenzake. Wenzake wakaenda huku, yeye na msiba wake wakaenda kule. Akaona shimo, akachokoa. Ncha ya kanga aliyojifunga kiunoni ikaning'inia shimoni. Mara akahisi inavutwa. Akavuta, nayo ikavutwa.

Pweza akatoa jicho moja nje.

"Niache," akasema Mize.

"Nani kakushika?" akauliza pweza.

"Wewe umenishika."

"Mimi nimeshika kanga. Wewe nani kakushika?"

Maji yakaanza kujaa, yakamfika miguuni. Mize akavuta kwa nguvu zake zote.

"Niache, pweza, maji yanajaa."

"Hujaa kila siku. Nani kakushika?"

"Wewe umenishika!"

"Mimi nimeshika kanga. Wewe nani kakushika?"

Maji yakafika mapajani. Wenzake walikuwa wameshageuka kurudi. Akawaita, upepo ukaila sauti yake. Maji yakapanda kiunoni, yakapanda kifuani. Na kila alipotaka kuifungua ile kanga, mkono ulikuwa mzito. Alijiuliza atapitaje mbele za watu na gagulo, na mama mkwe atasemaje. Msicheke. Mtu yuko kwenye maji ya kifuani anawaza mama mkwe atasemaje, na nyinyi mngewaza hivyo hivyo.

Maji ya chumvi yakamwingia mdomoni. Mize akaifungua kanga.

Papo hapo akaelea. Pweza akabaki na kanga, akaikunjakunja taratibu.

"Kaka yako nilimshika pale mbele," akasema pweza, "kwa mkia wa shuka lake. Nikamuuliza hivi hivi. Akanijibu kuwa fundo ni la mkewe, yeye hana ruhusa nalo. Mwanamke, sisi huku chini hatuna mshipi wala ndoana. Mikono yangu hii minane haitoshi kumzamisha mtu anayejua kuogelea. Mikono ya kumzamisha mnatushonea nyinyi."

Mize akaogelea mpaka pwani. Akafika nyumbani gagulo likichuruzika, akamkuta Bi Kidawa mlangoni.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba. Kanga yako iko wapi?"

"Kaichukua pweza."

"Na wewe ukamwachia?"

"Nimemwachia."

"Mwanamke wa Mwambakoo hamwachii mnyama nguo yake."

"Basi leo, mama, mngekuwa mnamlia mwanamke wa Mwambakoo."

Bi Kidawa akasonya, akaingia ndani. Sikio la kufa halisikii dawa.

Faki aliporudi, Mize alimweleza yote. Faki hakucheka, naye alikuwa mtu wa kucheka.

"Nimekuelewa, mke wangu," akasema. "Humu ndani nimekuelewa. Lakini ufukoni nitawaambia nini?"

"Huna haja ya kuwaambia. Nitakufunga fundo la mbuzi."

Fundo la mbuzi mnalijua, lile la kufungia mbuzi uani, ukiivuta ncha moja linafumuka lote. Alfajiri Mize alimfunga mumewe fundo hilo, akaificha ncha ndani ya mkunjo, akamshika mkono akamwonyesha. "Ukiona maji yanakutaka, vuta hapa." Bi Kidawa akalivuta fundo kwa nje, halikutikisika, akampitisha mwanawe.

Siku ya kwanza Faki akarudi na fundo lake, akaimbiwa. Siku ya pili akarudi na fundo lake, akaimbiwa. Siku ya tatu bahari ilichafuka, ikaupindua mtumbwi aliokuwamo yeye na mwenzake Pandu.

Faki akavuta ncha. Shuka likamtoka, likashuka chini na simbi zake zote, naye akaibuka. Akamwona Pandu anapandisha kichwa na kuzama, anapandisha na kuzama. Akamwendea, akamshika kiunoni amfungue. Pandu akalikumbatia fundo lake kwa mikono miwili, mikono ambayo ingemsaidia kuogelea.

"Usiniguse fundo, Faki. Nitarudije kwa mke wangu?"

Hilo ndilo neno lake la mwisho. Faki alimng'ang'ania mpaka pumzi zikamwishia, kisha akamwachia, maana hakuwa na la kufanya.

Jioni akatoka majini peke yake, amebaki na winda tu, ile nguo ya ndani iliyopitishwa mapajani. Wanawake walikuwa wamesimama. Mmoja akaanza, na wote wakaitikia:

*Kaenda na fundo, karudi hanalo,*
*nani kamfungua? Tuambieni, nani?*

"Nimejifungua mwenyewe," akasema Faki.

Hakuna aliyemwamini. Mjane wa Pandu akamwambia, "Mume wangu amekufa na fundo lake. Wewe umefunguliwa na nani?" Bi Kidawa akampa mwanawe mgongo, akaenda zake. Ni Mize peke yake aliyeingia majini mpaka magotini kumpokea. Alimshika mumewe mzima, ana joto, anapumua, na alimshukuru Mungu kwa sauti mbele yao wote.

Hapo tungesema hadithi imekwisha, mtu kapona. Lakini aibu nayo ni maji, huzamisha polepole.

Pandu alililiwa siku saba. Faki hakupewa hata mkono. Akikaa barazani, watu waliinuka. Akienda kwenye mitumbwi, walimwambia imejaa, na mitumbwi haikujaa. Akipita njiani, watoto walimuuliza nani kakufungua, nani kakufungua. Utani ukamtoka, kisha chakula kikamshinda, kisha usingizi.

"Mize," akasema siku moja, "nifunge. Fundo la kweli, mizunguko mitatu, na simbi. Niende peke yangu mpaka nje ya mwamba tu, nitupe wavu mara moja, nirudi nalo. Wakiliona watanirudishia jina langu."

"Sikufungi."

"Mke wangu, nakuomba."

"Sikufungi, Faki. Jina lako ninalo mimi, nakuita nalo kila siku."

"Mize, wamemlilia Pandu kuliko wanavyofurahi mimi kuwa hai. Nifunge."

"Mkono huu umeshamfunga kaka yangu. Sikufungi."

Faki akatoka, akaenda kwa mama yake.

Bi Kidawa alifurahi sana, na msimfikirie vibaya. Alikuwa mama, na alifikiri mwanawe anamrudia. Akalitandaza shuka jipya, akamzungusha mara moja, akamzungusha mara mbili, akamzungusha mara tatu. Akaweka goti nyongani mwake apate kukaza. Akapiga fundo juu ya fundo. Mkiani akashona simbi alizoachiwa na marehemu mumewe, ambaye naye alichukuliwa na bahari.

"Sasa wewe ni wetu," akasema.

Mize akawafuata mpaka ufukoni. Akalishika shuka kwa nyuma, akavuta, na wanawake wakamtoa. Faki akamgeukia, akatabasamu kama zamani, akasema, "Sifiki mbali, Mize. Ni hapo tu. Utaniona kutoka hapa."

Na kweli alimwona. Alimwona akipiga kafi mpaka nje kidogo ya mwamba. Alimwona akisimama, akitupa wavu. Aliuona mkia wa shuka ukiruka na wavu, simbi zikinasa kwenye matundu, na wavu ukishuka na vizito vyake. Alimwona Faki akiinama, mikono yote miwili kiunoni.

Kisha hakumwona. Mtumbwi haukupinduka wala kutingishika sana. Ulibaki umetulia juu ya maji, mtupu, na bahari ilikuwa shwari.

Mize akajitupa majini akaogelea, na wengine wakamfuata na mitumbwi, lakini wavu ulikuwa umekwenda chini na kilichomo.

Maji yalipokupwa walimkuta. Wavu ulikuwa umekwama mwambani, na yeye amekwama kwenye wavu. Mahali penyewe, kama angeweza kusimama, maji yangemfika mabegani tu.

Wakamleta nyumbani, wakamlaza mkekani. Hakuweza kuoshwa mpaka shuka litoke, na fundo halifunguliwi ila na mkono uliolifunga. Wakamwita Bi Kidawa.

Bi Kidawa akapiga magoti. Akafungua kwa vidole, fundo halikufunguka. Shuka lilikuwa limelowa, likajikaza juu ya ule mkazo wake. Akafungua kwa kucha, halikufunguka. Akainama akalitia meno, mwanamke mzee yule, akalivuta kama anayetafuna kamba, halikufunguka. Wanawake walikuwa wamejaa uani. Mmoja wao, kwa mazoea tu, akaanza kwa sauti ndogo, *kaenda na fundo, karudi na fundo.* Wengine wakaitikia.

"Nyamazeni," akasema Bi Kidawa. Kisha akanong'ona, "Mkono wangu ndio uliofunga. Mbona haufungui?"

Mize alikuwa ameketi upande wa pili wa mkeka. Alichukua mkono wa mumewe, akaugeuza, akauweka juu ya mkono wa mama yake.

"Tazama, mama. Naye alijaribu."

Bi Kidawa akatazama. Kucha za Faki zilikuwa zimeng'oka, zote, mkono huu na mkono huu. Wenye kufa wanasema mengi wakiwa hai kuhusu heshima na desturi. Huko chini, Faki hakukumbuka wimbo wa mtu yeyote. Alitaka kufunguliwa tu.

Bi Kidawa akalia kilio ambacho sitakiigiza hapa. Alipomaliza akasema, "Nipeni kisu."

Akakata. Mzunguko wa kwanza, wa pili, wa tatu. Mwanawe akaoshwa, akazikwa.

Wavuvi waliporudi tena baharini, Bi Kidawa alikuwa amesimama kwenye mchanga mahali pake pale pale. Akaja mvuvi wa kwanza, akatoa kiuno akaguliwe. Bi Kidawa akalivuta fundo. Halikutikisika. Akatoa kisu ndani ya kanga yake, akalikata, shuka likaanguka.

"Nenda na winda," akamwambia. "Ukirudi huna nguo, mimi ndiye niliyekufungua. Akiuliza mtu, mtaje Kidawa."

Wapo walioshukuru. Wapo wake waliolia kwa kukatiwa mashuka yao. Na wapo, nasikia, waliokuwa wakipitia upande wa pili wa kisiwa, wamefungwa kisirisiri, na baadhi ya hao hawakurudi. Mize hakuolewa tena Mwambakoo. Alikuwa akikaa mwambani maji yakipwa, na kila msichana aliyekuja kuchokoa pweza, alimfundisha kwanza namna ya kufungua kanga kwa mkono mmoja.

Bahari, ndugu zangu, haimjui mume wa mtu. Haisomi fundo wala haihesabu simbi. Nguo ya kazi huvaliwa ili kazi iishe na mwenye kuifanya arudi, na nguo usiyoweza kuivua peke yako ndani ya maji, hiyo si nguo, ni nanga. Na nyinyi mnaobaki pwani, mtu akirudi mzima, mpeni uji. Maswali ya nguo yake yatangoja.

Mimi mwenyewe nilifika Mwambakoo, nikaandaliwa pweza wa nazi. Mguu mmoja ukanishika kanzu, nikavua kanzu, nikamwachia, nikaja zangu. Ndiyo maana mnaniona na hii ya kuazima.

Hadithi yangu naivua hapa, naianika. Mwenye baridi ajifunike. Mwenye kwenda baharini kesho, ajipapase kiunoni kwanza.